Makumbusho ya Bujora na Vitu vya Kale vya Singida

Mwalimu wa Singida apatapo safari ya Mwanza, ni vema afike Bujora, karibu na Kisesa, aione nyumba ya makumbusho ya Wasukuma. Aliyeianzisha ni Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, nayo ilifunguliwa mwaka 1968. Wakati ule ulifaa sana. Utemi ulikuwa umeondolewa kwa sheria ya mwaka 1963, na ngoma na viti vya kitemi havikuwa tena na kazi. Bujora ikavipokea.

Sifa yake kubwa si wingi wa vitu, bali ni kwamba vitu havikutengwa na watu wake. Kila mwaka, wakati wa sikukuu ya Ekaristi Takatifu, Bagika na Bagalu huja kushindana kwa ngoma katika sherehe ya Bulabo. Kabati la kioo haliwezi kufundisha hayo.

Walakini nina neno. Nyumba ya mambo ya kitemi pale imejengwa kwa mfano wa kiti cha mtemi. Kwa Wasukuma ni haki. Lakini wakusanyao vitu vya Singida wakiufuata mfano huo bila kuupima, watawasingizia Wanyaturu. Hawa hawakuwa na watemi wakubwa kabla ya Wajerumani. Wazee wa koo ndio waliokata mashauri. Habari zao zimo katika tembe, katika zizi, katika mzinga wa nyuki na jiwe la kusagia uwele. Jiwe la kusagia halina fahari, na kwa sababu hiyo ndilo litupwalo kwanza.

Wanyisanzu ni habari nyingine. Wao walikuwa na watawala, mwanamume na mwanamke, wenye kazi ya kuleta mvua, na mawe yao ya mvua. Je, mawe hayo yawekwe wazi? Naona yasiwekwe. Maneno ya wazee yatosha, wakiridhia. Kadhalika imaa, ibada ya siri ya wanawake wa Kinyaturu: mwanamume asithubutu kuiandikia maelezo.

Tena kila kitu kiandikwe kwanza kwa jina walipendalo wenyewe, ndipo Kiswahili. Mjerumani Erich Obst alipochapisha mwaka 1912 habari za safari yake kutoka Mkalama, aliwaita Wahadzabe kwa jina la Wakindiga, alilolisikia kwa majirani.