Picha Iliyonyamaza: Nkome katika Jicho la Msafiri

Picha za safari ni utanzu wenye kanuni zake, kama zilivyo tungo. Zina vina vyake vinavyotarajiwa: machweo, mtumbwi mmoja, mti wa pweke, mnyama aliyeikabili kamera. Na kama shairi liwezavyo kutimiza vina na mizani huku maana ikipwaya, picha nayo yaweza kutimiza masharti yote ya uzuri ikamwacha mtazamaji pale pale ilipomkuta.

Nkome, mwalo wa wavuvi wilayani Geita, kusini mwa Ziwa Victoria, ni mahali pafaapo kuupimia utanzu huo. Hapo ni moja ya bandari za kuvukia kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo. Kwa hiyo msafiri huipiga Nkome picha akiwa njiani, jicho lake limeshatangulia kisiwani.

Jicho hilo la msafiri lina historia inayogusa Unguja. Mwaka 1860 James Augustus Grant, mwenziwe John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Mto Nile, alipiga picha mjini Zanzibar, soko la watumwa likiwemo. Bara aliiacha kamera akashika kalamu na rangi. Na nchi ya Uzinza, iliyo upande huo wa ziwa, waliipita mwaka 1861 ikabaki katika michoro na maandishi tu. Mchoraji hulazimika kuketi. Mwenye kamera aweza kupata atakacho bila kusimamisha chombo, na hapo ndipo ila ya utanzu huu inapoanzia.

Tutwae mfano wa picha inayopendwa kuliko zote: mitumbwi imetulia mwaloni, mbalamwezi imelala juu ya maji. Mtazamaji wa mbali husoma humo amani. Msomaji wa pwani, aliyezoea uvuvi wa dagaa wa karabai, angeisoma vingine. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wanapoifuata taa. Mwezi ukipevuka taa hupoteza nguvu na vyombo hupumzika. Utulivu ule wa picha ni siku za mkono mtupu. Picha haikusema uongo. Imenyamaza, na kimya chake kimempa mtazamaji nafasi ya kujidanganya mwenyewe.

Ng'ambo ya pili kimya ni kikubwa zaidi. Picha za Rubondo, zenye furukombe, nzohe, tembo na sokwe, hukionesha kisiwa kana kwamba hakijapata kuguswa na mwanadamu. Ukweli ni kwamba sokwe wa Rubondo ni kizazi cha sokwe waliotolewa katika vifungo vya Ulaya wakaachiwa huko baina ya 1966 na 1969, kwa juhudi za Bernhard Grzimek na Jumuiya ya Wanyama ya Frankfurt. Tembo na twiga nao waliletwa. Watu waliokuwa wakiishi kisiwani walihamishwa miaka hiyo ya 1960, na mwaka 1977 kisiwa kikawa hifadhi ya taifa. Mambo hayo hayapunguzi uzuri wa msitu. Sokwe aliyetoka kizimbani akajifunza upya kulala juu ya mti ni kisa kikubwa kuliko sokwe wa porini asiye na historia. Mpigapicha aliyekikata kisa hicho amejinyima mwenyewe utamu wa picha yake.

Kuna vyombo vya zamani pia. Ziwani humo MV Victoria, iliyojengwa Scotland, ikaunganishwa upya Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961, ilikarabatiwa ikarejea majini mwaka 2020. Katika Ziwa Tanganyika ipo MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924. Wapenda ukongwe hupiga picha ya kutu, kamba na abiria waliobanana, wakauita msongamano ule pambo la maisha. Msomaji wa visiwani hawezi kuutazama hivyo. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza Mei 21, 1996, ikiwa imejaa kupita kiasi, wakafa mamia ya watu. Spice Islander, iliyojengwa mwaka 1967, nayo ilijaa kupita kiasi ikazama baina ya Unguja na Pemba Septemba 2011. Kilicho pambo kwa mwenye kamera ni hofu kwa mwenye tiketi, na picha isiyobeba hofu hiyo imeona nusu ya chombo.

Wahenga wamenena, macho hayana pazia. Kamera inalo, na mpigapicha ndiye alivutaye. Hadaiwi kuacha machweo wala wanyama. Anadaiwa mistari michache ya maelezo chini ya picha, iandikwe kwa uangalifu uleule aliopimia mwanga: ni usiku wa mwezi gani, mtumbwi ni wa kazi gani, kabla ya msitu nani alikaa hapa, chombo kimeruhusiwa abiria wangapi. Washairi wanajua kazi ya kituo: mshororo mmoja wa mwisho huweza kuugeuza ubeti mzima. Picha nyingi za Nkome zimekamilika kwa kila hali, ila kituo chake hakijaandikwa.