Rangi Isikikayo: Uhakiki wa Hotuba ya Philadelphia na Hisia za Mpiga Kura

1. Utangulizi

Tunapozungumza kwa Kiswahili juu ya ubaguzi wa rangi, istilahi yenyewe hutupeleka moja kwa moja kwenye jicho. Rangi ni kitu kionekanacho. Istilahi hii imetutumikia kwa miaka mingi, na si nia yetu kuibadilisha. Lakini imetuficha jambo moja ambalo wanaisimu hatuna budi kulifichua, yaani kwamba rangi ya mtu husikika pia. Husikika katika jina lake, katika lafudhi yake, na hata katika sifa anazopewa na watu wanaoamini kwa dhati kwamba wanampenda.

Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo kwa kuhakiki matini moja mashuhuri: hotuba aliyoitoa Barack Obama mjini Philadelphia tarehe 18 Machi 2008, alipokuwa akitafuta kuteuliwa na chama cha Democratic kugombea urais wa Marekani. Wanasiasa na waandishi wa magazeti wameijadili sana hotuba hiyo. Sisi tutaitazama kama kazi ya fanani aliyesimama mbele ya hadhira ambayo ilikwisha kuwa na hukumu yake kabla yeye hajafungua kinywa. Swali letu ni hili: je, hotuba hiyo ilimfanya mpiga kura azikague hisia zake mwenyewe, au ilimtuliza tu? Maoni yetu ni kwamba ilifanya la pili zaidi ya la kwanza, na kwamba ustadi wake wa kifani ndio uliowazuia wengi wetu wasilione hilo.

2. Hadhira kabla ya hotuba

Aristotle alitaja njia tatu za kumshawishi msikilizaji: tabia ya msemaji, hisia za wasikilizaji, na hoja zenyewe. Katika uchaguzi wa rais njia mbili za mwanzo hukaribia kuwa moja, kwa sababu mpiga kura hamjui mgombea. Anachokijua ni picha, sauti na uvumi. Kutokana na vitu hivyo vitatu humuumba mtu kamili moyoni mwake, kisha akampenda au akamchukia mtu huyo aliyemuumba.

Hisia za namna hii hazisemwi waziwazi. Mwaka 1982 Tom Bradley, Mmarekani Mweusi aliyekuwa meya wa Los Angeles, aligombea ugavana wa jimbo la California. Kura za maoni zilimwonyesha akiongoza, lakini alishindwa. Wako waliotoa sababu nyingine za kushindwa kwake, na baadhi ya sababu hizo zina uzito. Hata hivyo, tangu mwaka huo jina lake limekuwa msemo wa kuelezea shaka moja: kwamba mpiga kura huweza kumpa muulizaji jibu la adabu, kisha akaingia chumba cha kura na jibu jingine. Kwa mhakiki wa lugha, umuhimu wa kisa hiki ni kwamba kinatufunza kutolichukua tamko la hisia kuwa ndiyo hisia yenyewe.

Tuangalie basi sifa, kwani ndani ya sifa hisia hujisahau. Mapema mwaka 2007 Seneta Joe Biden, ambaye naye alikuwa anagombea, alimsifu Obama kwa ufasaha, akili, usafi na sura nzuri, na kauli yake ikaeleweka kuwa inamfanya Obama Mweusi wa kwanza wa namna hiyo katika siasa kuu. Shirley Chisholm alikuwa amegombea mwaka 1972, na Jesse Jackson mwaka 1984 na 1988. Je, hao hawakuwa wasemaji fasaha? Biden alieleza masikitiko yake, na baadaye akawa makamu wa rais wa mtu huyohuyo aliyemsifu. Mwezi Januari 2010 ikafichuka kwamba Seneta Harry Reid, aliyemuunga mkono Obama, alikuwa amesema faraghani kuwa mgombea huyo angeweza kukubalika kwa sababu rangi yake si nyeusi sana na kwa sababu hana lahaja ya Wamarekani Weusi ila apendapo kuitumia. Reid aliomba radhi, naye Obama akamsamehe.

Watu wengi waliishambulia kauli ya Reid. Sisi tunaiona kuwa ushahidi wa thamani kubwa. Mwanasiasa mzoefu, aliyezijua tabia za wapiga kura wa nchi yake, alitaja vigezo viwili vya kumpima mgombea Mweusi, na cha pili kilikuwa cha kiisimu. William Labov alikwisha kuonyesha, katika utafiti wake wa miaka ya 1960 na 1970, kwamba lahaja hiyo ina kanuni zake kamili kama lahaja nyingine yoyote. Mwaka 1999 John Baugh na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya simu zilizopigwa kwa wenye nyumba za kupanga katika eneo la San Francisco: msemaji yuleyule, kwa ombi lilelile, alipata miadi michache zaidi katika mitaa ya Wazungu alipotumia lafudhi ya Weusi au ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Hapakuwa na uso wala ngozi katika waya wa simu. Rangi ilikuwa imesikika.

Mwandishi wa makala haya alipokuwa akisomea shahada ya uzamili ng'ambo, alisifiwa mara nyingi kwa kusema Kiingereza vizuri. Mwanzoni alishukuru. Ilimchukua muda kutambua kwamba sifa hiyo haikumhusu yeye, bali ilihusu mtu mwingine aliyekuwa akitarajiwa mahali pake.

3. Jina kama ushahidi

Jina la mgombea nalo lilisomwa kama ngozi yake. Kwetu sisi, 'Barack' ni baraka tu, na Hussein ni jina la jirani. Mnamo 2004, alipohutubia mkutano mkuu wa chama chake mjini Boston, Obama mwenyewe alilieleza jina lake la kwanza kwa maana hiyo ya baraka. La pili hakuligusa. Kimya hicho ni sehemu ya fani ya hotuba ile, na tutakikuta tena.

Tarehe 10 Oktoba 2008, katika mkutano wa John McCain huko Lakeville, Minnesota, mwanamke mmoja alisimama akasema kwamba hawezi kumwamini Obama kwa kuwa ni Mwarabu. McCain alichukua kipaza sauti, akamkatalia, akasema kuwa mpinzani wake ni raia na mtu mwema mwenye familia yake, ambaye wametofautiana naye katika mambo ya msingi. Katika mkutano huohuo baadhi ya wafuasi wake walimzomea alipowaambia kuwa hawana haja ya kumwogopa Obama. Ulikuwa ujasiri, nasi hatuupunguzii heshima yake. Lakini tuitazame sentensi. Mtu anasema, 'Yeye ni Mwarabu'; anajibiwa, 'La, yeye ni mtu mwema.' Kisemantiki, jibu hilo limeyaweka maneno mawili katika hali ya ukinzani. Msomaji wa Lamu, Mombasa au Unguja, ambako ukoo mmoja huweza kuwa na nasaba ya bara na ya Uarabuni, hataona haya kuuliza: tangu lini hayo mawili yakapingana? Siku tisa baadaye, Colin Powell, Jenerali mstaafu wa chama cha McCain mwenyewe, alisema katika televisheni kwamba jibu sahihi ni kuwa Obama ni Mkristo, lakini jibu lililo sahihi zaidi ni kuuliza: kama angekuwa Mwislamu, kuna ubaya gani? Powell hakuisahihisha habari tu, aliisahihisha hisia. Kipimo hicho ndicho tutakachokitumia kwa hotuba ya Philadelphia.

4. Hotuba yenyewe

Hotuba ilizaliwa katika dhiki. Vituo vya televisheni vilikuwa vikirudia vipande vya mahubiri ya Mchungaji Jeremiah Wright wa kanisa la Trinity mjini Chicago, ambalo Obama alikuwa mshiriki wake, mahubiri yaliyoishutumu Marekani kwa ukali. Kwa mpiga kura Mzungu aliyekuwa ameanza kumpenda mgombea mtulivu, sauti ya mchungaji ilikuwa kama kufunuliwa kwa pazia: huenda hii ndiyo sauti yake ya kweli.

Kimuundo, hotuba inaanza na katiba ya taifa, inapita katika nasaba ya msemaji, baba Mwafrika kutoka Kenya na mama Mzungu kutoka Kansas, inaingia kwa mchungaji, inapanuka hadi historia ya utumwa, shule zilizotengwa na mikopo ya nyumba waliyonyimwa Weusi, kisha inamalizia kwa kisa kifupi cha watu wawili. Mpangilio huu ni wa kistadi. Na sehemu ya historia ina ukweli ambao wagombea wengi wangeuogopa: inaeleza kwamba umaskini wa leo una tarehe na sheria zilizouleta. Hapo msikilizaji anaelimishwa, wala habembelezwi.

Lakini kiini cha hotuba kiko kwa bibi. Obama anasema hawezi kumkana mchungaji kama asivyoweza kumkana bibi yake Mzungu, aliyemlea na kumpenda, lakini ambaye aliwahi kukiri kuwa anawaogopa wanaume Weusi wanaompita njiani. Hoja inatokana na undugu, na kwa hadhira ya Kiafrika ina nguvu ya pekee: damu haikanwi.

Hapa mhakiki anafaidika kwa kurudi kwenye kitabu cha Obama cha mwaka 1995, Dreams from My Father, ambacho hotuba yenyewe inakinukuu inapoeleza ibada ya kwanza aliyoihudhuria Trinity. Kisa cha hofu ya bibi kimo pia humo, lakini kwa sura tofauti. Kitabuni, bibi anamweleza mjukuu tu kwamba mwombaji mmoja alimsumbua kituoni alipokuwa akingojea basi. Ni babu anayetoboa siri, kwamba mtu yule alikuwa Mweusi, na kwamba hilo ndilo lililomtisha bibi. Kijana anakwenda kwa mzee mmoja Mweusi, rafiki wa babu, ambaye anamwambia neno zito: bibi yako ana haki ya kuogopa, kwa kuwa anaelewa kuwa Weusi wana sababu ya kuchukia.

Tulinganishe. Katika kitabu, hofu imefichwa, inatoka kwa mdomo wa mtu wa pili, na inamwacha kijana mpweke kabisa. Katika hotuba, hofu imekuwa ungamo: bibi mwenyewe amekiri. Mzee Mweusi na neno lake zito wametoweka. Mabadiliko haya si madogo. Hofu iliyofichwa humdai msikilizaji ajichunguze, maana huenda naye ameificha ya kwake. Hofu iliyoungamwa imekwisha kuomba msamaha. Kinachobaki ni kusamehewa. Kwa kumpa bibi kauli ambayo kitabuni hakuitoa mbele ya mjukuu, hotuba imempa kila mpiga kura Mzungu maghufira aliyokuwa hajayaomba.

Mizani hiyohiyo inaonekana pale hasira ya Weusi inapowekwa sambamba na kinyongo cha Wazungu. Takriri na ulinganifu wa sentensi vinazifanya hasira hizo mbili zionekane na uzito mmoja, ilhali historia iliyosimuliwa punde tu na msemaji huyohuyo inaonyesha kwamba hazina uzito mmoja. Fani imeishinda maudhui. Hata kisa cha mwisho, cha mzee Mweusi anayesema amefika mkutanoni kwa ajili ya msichana Mzungu, kinampendeza msikilizaji kwa kuwa ni mzee Mweusi anayesogea. Hatuambiwi kilichombadilisha mtu aliyekuwa akiogopa.

5. Baada ya hotuba

Maisha ya matini yaliyofuata yanaunga mkono usomaji huu. Mwishoni mwa Aprili mchungaji alizungumza tena hadharani, na siku moja baadaye Obama akamshutumu bila kificho. Ilipofika mwisho wa Mei alikwisha kujitoa katika kanisa lile. Asiyeweza kukanwa alikanwa. Hatumlaumu mgombea, kwani mgombea hutaka kura. Tunachosema ni kwamba hisia za mpiga kura zilibaki pale zilipokuwa, na aliyelazimika kuhama ni msemaji.

Je, matokeo ya tarehe 4 Novemba hayatupingi? Obama alipata takriban asilimia 53 ya kura zote. Hojaji za wapiga kura siku hiyo zilionyesha kuwa alipata takriban asilimia 95 ya kura za Weusi na 43 za Wazungu. Haki inatutaka tuongeze kwamba John Kerry, Mzungu wa chama hichohicho, alikuwa amepata asilimia 41 tu ya kura za Wazungu mwaka 2004. Basi tarakimu hizi peke yake hazithibitishi wala hazikanushi ubaguzi. Lakini zinakumbusha jambo: mtu aweza kumpigia kura mgombea Mweusi kwa kumwona kuwa tofauti na Weusi wengine, na kura hiyo ikahesabiwa kama ushindi juu ya rangi. Shaka juu ya mahali alipozaliwa haikuzimwa na ushindi. Mwezi Aprili 2011 rais aliyekaa Ikulu zaidi ya miaka miwili alilazimika kutoa hadharani cheti kamili cha kuzaliwa kwake Honolulu.

6. Hitimisho

Nasi tulikuwa hadhira. Tarehe 6 Novemba 2008 ilitangazwa kuwa sikukuu nchini Kenya, tukashangilia kwamba Wamarekani wamevuka mpaka wa rangi. Tulimshangilia kwa sababu gani? Wachache wetu walikuwa wameisoma sera yake hata moja. Alikuwa mtu wetu; baba yake alitoka Siaya. Nyani haoni kundule: mwanzoni mwa mwaka huohuo nchi yetu ilikuwa imezika watu zaidi ya 1,100 waliouawa baada ya uchaguzi wetu wenyewe. Na miongoni mwa maneno yaliyotumika kuwaelekeza watu nani aondolewe ni 'madoadoa', neno ambalo Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ililiorodhesha mwaka 2022 kati ya maneno ya chuki. Doa ni nini kama si rangi isiyotakiwa juu ya kitu? Kabila halionekani katika ngozi. Ikabidi lugha ilipake rangi.

Idara zetu za lugha zimefanya kazi nzuri katika riwaya na ushairi. Hotuba za kampeni bado tumewaachia wengine. Wagombea wetu huchekwa kwa lafudhi zao, husifiwa kwa majina yao, na hupimwa kwa wanavyotamka sauti za 'r' na 'l', nasi wataalamu wa sauti hizo hucheka pamoja na umati. Hatuna budi kuanza na kicheko hicho, na tukichunguze kwanza ndani yetu.