Mthamini Aliyefika Kiwanjani

Mnunuzi wa nyumba Dar es Salaam hufungua ripoti ya uthamini akitafuta ukurasa mmoja tu, wenye bei. Kazi yenyewe imo katika kurasa anazoruka. Mthamini amelisaka jiwe la mpaka kwenye nyasi, akalinganisha namba yake na ramani ya upimaji. Amepima kuta kwa futi kamba, akapanda darini kukagua mbao zilizoliwa na mchwa, akawauliza majirani maji ya masika hufika wapi. Kisha hufuatilia nyumba zilizouzwa karibuni mtaa huohuo, na hapo ndipo pagumu hasa, kwani bei iliyoandikwa mkatabani huenda isiwe ile iliyolipwa.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 inataka mthamini awe amesajiliwa na bodi ya wathamini. Ni sharti jema. Lakini mimi humheshimu zaidi anayetaja tarehe aliyokagua, anayeonyesha alilinganisha na nini, anayekataa kuongeza milioni kumi ili mkopo upite. Kukataa huko humkosesha kazi, na ndiko kunakoiokoa familia iliyoweka akiba yake yote kwenye nyumba ile.