Kumchagulia Mchumi Kitabu

Mchumi ni mtu mgumu kumpa zawadi, maana fani yake imeshapiga hesabu ya hasara ya zawadi zenyewe. Mwaka 1993 Joel Waldfogel alichapisha makala kuhusu zawadi za Krismasi katika jarida la American Economic Review. Aliwauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale wakadirie mtoaji alilipa kiasi gani, kisha waseme wao wenyewe wangekubali kulipa kiasi gani, mapenzi yakiwekwa kando. Pengo alilolipata lilikuwa kati ya asilimia 10 na theluthi moja ya bei.

Tuseme kitabu kimenunuliwa kwa shilingi 40,000, na mpokeaji asingetoa zaidi ya 30,000. Hizo 10,000 za juu zimemtoka mtoaji bila kumfaidi mpokeaji. Waldfogel aliona pia kwamba zawadi za marafiki na wapenzi zilipoteza thamani kidogo kuliko za shangazi, wajomba, babu na bibi. Aliye mbali hajui unachokipenda, na ndiyo maana babu na bibi walielekea zaidi kutoa fedha taslimu.

Si wote waliokubaliana naye. Mwaka 1996, katika jarida hilohilo, Sara Solnick na David Hemenway waliripoti kuwa watu waliowauliza walizithamini zawadi zao kuliko bei yake. Zawadi inaweza kuizidi bei iwapo mtoaji anajua jambo ambalo mpokeaji halijui. Kitabu kinafaa sana hapo: mtu hawezi kununua kitabu ambacho hajasikia habari zake.

Kwa kipimo hiki, vitabu vingi maarufu vinaanguka mapema. *Poverty and Famines* cha Amartya Sen, cha mwaka 1981, ni kitabu kikubwa kuhusu njaa, lakini huenda mchumi anacho tangu chuoni. Vile vinavyomfundisha msomaji wa kawaida jinsi bei inavyopanda na kushuka vitamrudisha darasa la kwanza. *The Box* cha Marc Levinson, cha mwaka 2006, kinasimulia jinsi kontena lilivyoshusha gharama za kusafirisha mizigo. Kingemfaa mchumi wa benki. Wa bandari au wa forodha yaelekea ameshakisoma.

Kinachobaki ni kuvuka mpaka wa fani. Kwa mchumi wa mipango hapa Tanzania, ningechagua *Seeing Like a State* cha James C. Scott, kilichotoka mwaka 1998. Scott alikuwa msomi wa siasa, na anachunguza kwa nini mipango mikubwa ya serikali hukwama inapodharau ujuzi wa wenyeji. Miongoni mwa mifano yake ni vijiji vya Ujamaa. Mchumi anayaelewa maswali hayo, ila hapa anayakuta yakijibiwa na mtu asiyeanzia kwenye majedwali.

Kwa hiyo tafuta kwanza katika eneo unalolijua wewe kuliko yeye: muuguzi achague cha afya, mwanahistoria cha historia. Kisha muulize mwenzake wa karibu kama anacho. Ulizia kabla ya kulipa, kwa sababu stakabadhi nyingi za maduka yetu zimeshatoa hukumu: mali ikishauzwa hairudishwi.