Mkono Unaomjua Panya

Hapa Buswelu panya ni mwizi wa mahindi, na anayemnasa hajisumbui kumgeuza aone kama ni dume au jike. Lakini Kisesa si mbali na kwetu, na pale Bujora makumbusho ya Wasukuma yanawakumbuka watu waliomsogelea mnyama kwa ufundi: Bayeye na nyoka wao, Banunguli na nungunungu. Katika safu hiyo namweka mtunza panya.

Panya wa kufugwa huzaliwa baada ya mimba ya siku 21 hadi 23, akiwa mchanga, uchi, macho yamefumba. Fundi humlaza kiganjani, akainua mkia taratibu, akapima kwa jicho nafasi iliyopo kati ya tundu la haja kubwa na kile kiuvimbe cha mbele yake. Kwa dume nafasi hiyo hukaribia mara mbili ya ile ya jike. Kumtazama mmoja peke yake hakutoshi. Sharti uwalinganishe ndugu wa uzao mmoja. Siku chache baadaye, kabla manyoya hayajafunika tumbo, chuchu za jike huonekana, jozi sita. Dume hana. Korodani zake hushuka wiki kadhaa mbele, tena akishtuka au akihisi baridi huzivuta ndani, na mwenye pupa akamwita jike. Wasipotengwa wanapofikisha wiki tano hivi, dada anaweza kushika mimba ya kaka yake.

Wakikomaa, tofauti husomeka hata kwa kupapasa. Dume ni mzito, manyoya yake yanakwaruza, huacha matone ya mkojo anakopita, na mara nyingi hukubali kutulia mapajani. Jike ni mwepesi, laini, hana subira. Kila baada ya siku nne au tano joto humpanda. Ukimgusa kiunoni hubonyea mgongo na masikio yakatetemeka. Mtunzaji aliyezoea huijua siku hiyo kabla hajamgusa.

Ila ufundi huu nauona umefika kileleni Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO limefundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na baadaye kifua kikuu kwenye makohozi. Panya buku humtatiza hata mjuzi: watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walibaini kwamba jike mzima anaweza kukaa muda mrefu uke wake ukiwa umezibika, kisha ukafunguka, na hata kufunga tena. Kumzalisha kunadai uvumilivu ambao hauandikwi popote.

Magawa, panya buku wa APOPO aliyepewa medali ya dhahabu ya shirika la wanyama la PDSA mwaka 2020, alikuwa dume. Ronin, mwenzake aliyegundua mabomu 109 huko Kambodia kati ya 2021 na 2025, naye dume. Wapo wanaokimbilia kusema majike hawafai, na hapo nakataa kabisa. Wote hulelewa na mikono ileile, huzoeshwa sauti za watu na magari wakiwa wadogo, hulipwa ndizi wakinusa sawasawa. Na mtihani wa mwisho ni mmoja: eneo limefukiwa mabomu, na panya, dume au jike, sharti ayapate yote.