Ritifaa Moja: Uhakiki wa Diwani za Wachapishaji Wadogo

Tangu *Kichomi* ya Euphrase Kezilahabi ichapishwe mwaka 1974, wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wametumia nguvu nyingi kujadili vina na mizani, ama kwa kuvitetea ama kwa kuvikana. Diwani zinazotolewa leo na wachapishaji wadogo zinahitaji zaidi ya mjadala huo.

Tuchukue *N'na Kwetu: Sauti ya Mgeni Ugenini* ya Mohammed Khelef Ghassani, iliyoshinda Tuzo ya Mabati-Cornell ya mwaka 2015 katika ushairi, kisha ikachapishwa na Mkuki na Nyota, mchapishaji huru wa Dar es Salaam. Jina lenyewe ni somo la uhariri. "N'na" ina mizani mbili, sawa na "nina", kwa kuwa *n* hapo ni silabi kamili. Mhariri mpenda usanifu angeweza kuibadilisha, na mhesabu mizani asigundue kilichopotea: sauti ya Visiwani, ambayo kwa mgeni aliye ugenini ndiyo hoja yenyewe.

Maamuzi ya namna hiyo ndiyo mhakiki anayopaswa kuyapima. Mchapishaji mdogo aghalabu hana jopo la wasomaji. Tahakiki huenda ikawa ndiyo usomaji makini wa kwanza wa diwani nje ya ofisi yake. Mhakiki anayeorodhesha dhamira na kufunga kwa pongezi humnyima mshairi msomaji huyo, na kasoro za toleo la kwanza hurithiwa na la pili. Kuitendea haki diwani ni kuonyesha kwa nini neno fulani lisingeweza kuwa jingine, na kutaja bila kificho pale lilipoweza.