Sarufi ya Michoro: Tasnifu Moja na Istilahi Zake

Mwaka 2008 Hadley Wickham, mtu wa New Zealand, alikamilisha tasnifu yake ya shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani. Tasnifu hiyo yahusu zana za kuchunguzia data, na ndani yake mna sura ielezayo sarufi ya michoro. Tasnifu nyingi zikisha kupitishwa na watahini hulala katika rafu za maktaba. Hii haikulala. Programu ya ggplot2, iliyokuzwa pamoja nayo, hutumiwa leo na watafiti wa nchi nyingi. Mwanafunzi anayeandika tasnifu yake kwa Kiswahili aweza kuchora Kielelezo Na. 1 kwa programu hiyo kwa dakika chache, kisha akakaa siku nzima akitafuta maneno ya kueleza alichokichora. Kwa hiyo tumeona vema kuihakiki kazi hii katika kurasa zetu, si kwa upande wa hesabu zake, bali kwa upande wa majina.

Neno sarufi hapa si pambo. Wickham alilipokea kutoka kwa Leland Wilkinson, ambaye kitabu chake kuhusu sarufi ya michoro kilitoka mwaka 1999. Kabla ya hapo aghalabu michoro ilifundishwa kwa orodha ya majina: hii ni chati ya pau, ile ni chati ya duara, ile nyingine ni grafu ya mstari. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo ni sawa na mgeni aliyekariri maneno mia tano ya Kiswahili bila kuambiwa habari za ngeli. Atasema aliyoyakariri, lakini hataweza kuunda neno jipya wala kutambua kwamba maneno mawili ni ya ukoo mmoja. Wilkinson aliuliza mchoro umeundwa kwa viungo gani, na viungo hivyo vyaungana kwa kanuni zipi. Wickham akaongeza kwamba mchoro hujengwa tabaka juu ya tabaka, na kwamba lile ambalo mchoraji hakulitaja lijazwe na kanuni ya kawaida. Msemaji wa Kiswahili hatashangaa: asemapo "anakuja" hakumtaja mtu, na kiambishi chatosha.

Faida ya mtazamo huu huonekana katika mfano mmoja. Chukua pau zilizobebana moja juu ya nyingine katika safu moja. Badala ya kupima kila pau kwa urefu wake, ipime kwa pembe: umepata chati ya duara. Sasa chukua pau zilizosimama bega kwa bega, uzipange kuzunguka kituo kimoja kila moja ikiwa na pembe ileile, ukubwa wake ukionekana kwa kadiri inavyoenea kutoka kituoni. Hapo umeukaribia mchoro maarufu wa Florence Nightingale wa mwaka 1858, ulioonyesha vifo vya askari wa Uingereza katika Vita vya Crimea mwezi kwa mwezi. Michoro miwili iliyodhaniwa kuwa haina udugu imetoka katika chati ileile ya pau, kilichobadilika ni mihimili tu.

Matatizo ya mfasiri huanza anapoviita viungo hivyo kwa majina. Tabaka halina shida, ingawa wasomaji wa rika fulani wakisikia matabaka hukumbuka mabwanyenye na makabwela kabla ya kukumbuka karatasi zilizopangwa. Skeli imekwisha kuzoeleka katika jiografia. Nukta, mstari na pau twaweza kuziita maumbo. Lakini kuna neno moja la Kiingereza ambalo Wilkinson na Wickham hulitumia kwa rangi, ukubwa, mahali na mengineyo yaliyo katika mchoro ili kubeba maana ya data, na neno hilo katika kamusi zetu hufasiriwa ujumi. Mfasiri wa haraka ataandika "ujumi wa mchoro," na msomaji atadhani anafundishwa uzuri. Sivyo. Wilkinson alilirudisha neno hilo kwenye asili yake ya Kiyunani, ambayo ni kutambua kwa milango ya fahamu. Rangi nyekundu imewekwa ili jicho litenganishe mkoa huu na ule, hata kama inachukiza. Sisi twapendekeza sifa ya kuonekana. Ni refu, twakiri, lakini halidanganyi.

Kosa la hatari zaidi limo katika neno tulilonalo tayari. Takwimu kwetu ni elimu yenyewe, ni tarakimu zilizokusanywa, na ni matokeo ya kuzikokotoa tarakimu hizo. Katika mazungumzo ya ofisini mkanganyo huo hausumbui. Katika sarufi hii wavunja sentensi, kwa sababu kiungo kimoja ni data na kiungo kingine ni hesabu inayofanywa juu ya data hiyo kabla ya kuchorwa, kama vile wastani au idadi ya waliomo katika kila kundi. Ukiandika "takwimu za takwimu" hukusema kitu. Kuna wanaolipinga neno data kwa kuwa ni geni. Nasi twawauliza ni neno gani la nyumbani watakalotupa litakaloiachia takwimu kazi yake. Mpaka lipatikane, data ibaki.

Sehemu iliyotupendeza kuliko zote ni ile inayohusu kupanga jedwali upya. Tutumie sensa zetu wenyewe. Jedwali la kawaida laweka mikoa katika mistari na miaka katika safu: Dar es Salaam ina watu 4,364,541 chini ya mwaka 2012 na 5,383,728 chini ya mwaka 2022, Mwanza ina 2,772,509 na 3,699,872. Jicho la mtu lafurahia mpango huo. Sarufi ya michoro yataka mwingine, ambamo mwaka nao ni sifa yenye safu yake, na kila mstari wabeba mkoa mmoja, mwaka mmoja na idadi moja. Mistari miwili yawa minne. Wickham aliiita kazi hiyo kuyeyusha, na kazi ya kuliunda tena jedwali katika sura nyingine akaiita kwa neno la mhunzi ambalo Kiswahili kinalo kamili: kusubu. Data huyeyushwa, kisha humiminwa katika kalibu utakayo.

Tungalifurahi kuishia hapo na kuandika kusubu katika orodha yetu. Lakini mwenyewe aliyahama majina yale. Katika programu aliyoitoa mwaka 2014 alisema kukusanya na kutandaza. Watu wengi wakawa hawakumbuki lipi laelekea wapi. Mwaka 2019 akabadili tena, na safari hii akataja tu linaloonekana: jedwali hugeuzwa likawa refu au likawa pana. Twaona kwamba alifanya vema, nasi twapendekeza kurefusha na kupanua jedwali, japo kwa majonzi kidogo. Kusubu lilieleza kwa nini kazi inafanywa. Kupanua laeleza tu umbo lililopatikana. Ila mwanafunzi aliye peke yake usiku na jedwali lake ahitaji kwanza neno asiloweza kuligeuza kichwa chini.

Jambo jingine dogo limetufurahisha. Wickham huliandika neno la rangi kwa tahajia ya Uingereza, lakini programu yake yapokea na tahajia ya Kimarekani bila kugomba. Sisi tuliozoea kufuta visawe kwa kalamu nyekundu tungeweza kulifikiria hilo.

Pungufu zipo. Sarufi hii ni ya michoro iliyotulia, na haielezi ile inayobadilika msomaji anapoigusa kwenye kioo cha kompyuta. Tena, kama sarufi yoyote, yasema mchoro umeundwa sawasawa, haisemi kwamba ni wa kweli wala kwamba unajibu swali lililoulizwa. Wickham hakulificha hilo. Hata hivyo tumeona taarifa ambazo waandishi wake huuhesabu usafi wa mchoro kuwa ushahidi, na neno sarufi laweza kuwazidishia kiburi, kwa kuwa shuleni tulifundishwa kwamba sarufi ni usahihi. Mwalimu atakayelitumia neno hili darasani aanze kwa kuandika ubaoni sentensi isiyo na kosa la ngeli hata moja na isiyo na ukweli wowote.

Orodha kamili ya istilahi hizi bado haijapigwa chapa. Msomaji aliye na neno fupi kuliko sifa ya kuonekana, lisilorudi kwenye ujumi, atuletee.